Kioo cha Siwatu

Sogeeni, atakayesinzia asiniulize mwisho.

Palikuwa na mjane, Siwatu. Mumewe, Faki, aliuawa na radi shambani. Kila wingu lilipotanda, Siwatu alifunika kioo kwa kanga, maana radi hupenda kinachong'aa.

Siku moja kanga ikaanguka. Umeme ulipomulika, alimwona Faki ndani ya kioo, mbali, kwenye mihogo. Ulipomulika tena, Faki yuko mlangoni.

"Mke wangu, funika!" akalia. "Nikifika nitakuchukua."

Siwatu akaiokota kanga. Akajitanda vizuri, kama mke anayesafiri na mumewe.

Umeme ukamulika mara ya tatu.

Majirani walikuta kioo kizima, nyumba haina mtu. Wakakifunika kwa kanga nyingine. Mvua ikinyesha, kanga hiyo hutikiswa na pumzi za watu wawili.

Haya, mvua hiyo inakuja. Chenu mmekifunika?