Tuma kwa Wanyama Kumi

Katika zama zile ambazo wanyama walikuwa wamekwisha kupata simu, ila akili ya kuzitumia ilikuwa bado njiani, ukame uliingia nyikani ukakaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ilikauka. Yakabaki maji ya Bwawa la Mikoche tu, nayo yalikuwa yakipungua kila kukicha.

Simba, mfalme, aliitisha mkutano kwenye kundi la simu liitwalo Wananyika Damu Moja Halisi. Lilikuwapo la kwanza, Wananyika Damu Moja, lakini lilivunjika kwa matusi. Mfalme alituma sauti yake ya dakika sita, mbili za mwanzo akisafisha koo. Uamuzi wake ulikuwa huu: wanyama wote wachimbe kisima kando ya bwawa, na asiyechimba atakunywa wa mwisho, tembo wakishamaliza kuoga.

Sungura akaandika, "Mfalme wetu, mimi kifua kinanibana. Vumbi nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?" Fisi akauliza.

"Na kifua."

Basi wenzake wakachimba, naye akanywa wa mwisho. Alichokipata ni tope lenye harufu ya nyayo za tembo. Alilinywa siku mbili, na siku ya tatu koo lilimwasha mpaka machozi yakamtoka. Kushika jembe hakukumjia akilini hata mara moja. Kilichomjia ni uongo, tena mnene, akajibanza kichakani akauandika:

"TAHADHARI!!! Bwawa la Mikoche limeingiliwa na mzimu. Hutokea adhuhuri, jua likiwa utosini. Akikukuta kando ya maji, tumbo litavimba mpaka lipasuke. Daktari bingwa wa ng'ambo amethibitisha. Tuma kwa wanyama kumi uwapendao. Kuna mmoja alipuuza, leo hana mkia."

Hakuutuma kwenye kundi, maana huko kila mmoja angeona umetoka kwake. Aliutuma kwa wawili tu. Wa kwanza ni Tumbili, ambaye siri kwake ni kaa la moto kiganjani. Wa pili ni Bi Kobe, ajuza anayetuma picha ya ua kwa nyika nzima kila asubuhi. Neno likipita kwa Bi Kobe, nani atalitilia shaka? Kisha Sungura akaufuta kwenye simu yake mwenyewe, akajipiga kifua, kile kile kilichokuwa kikimbana.

Tumbili hakumaliza hata kuusoma. Aliusambaza kwa kumi, kumi wakausambaza kwa mia, na kufika alasiri kando ya bwawa hapakuwa na kiumbe. Majembe yalitupwa shimoni. Ujumbe ulisema adhuhuri, lakini woga hauangalii saa. Wanyama wakaanza kwenda mwendo wa nusu siku kunywa kwenye chemchemi ya maji ya chumvi.

Kesho yake adhuhuri Sungura alikwenda bwawani peke yake. Akanywa, akaoga, akaelea chali huku akiimba. Alipokuwa akirudi alimkuta Swala akimtafunia mwanawe mizizi, ili mtoto apate walau utomvu wa kulowesha ulimi. Roho ikamchoma Sungura, ikamchoma kweli. Akaongeza mwendo ili asiendelee kuchomwa.

Siku ya pili ujumbe wake ulimrudia. Juu yake palikuwa na lile neno dogo la kijivu ambalo simu huubandikia ujumbe wowote wa kupokezana: "Imesambazwa." Chini yake Tumbili alikuwa ameongeza ya kwake: "Mimi nimemwona kwa mbali, kwa macho yangu haya. Ni mfupi, ana masikio marefu, anaoga huku anaimba." Sungura alicheka akajishika mbavu.

Siku ya tatu ulirudi tena. Safari hii Fisi, ambaye hajawahi kusikia habari asiitafutie nyama, alikuwa ameandika: "Nyama ya mzimu huyo ni dawa. Supu yake ikinywewa, mvua inanyesha." Hapo Sungura alicheka nusu.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Simba, ambaye habari isiyomtaja humkosesha raha. "Kwa amri yangu mimi Mfalme, mzimu atakamatwa leo adhuhuri. Nitakuwa mstari wa mbele. Picha zitafuata."

Huo Sungura aliusoma akiwa majini mpaka kiunoni. Mfupi. Masikio marefu. Anaoga huku anaimba. Aliinama, akayaona juu ya maji masikio mawili marefu yakimtazama. Wimbo ukamkatikia kooni.

"Huyo!"

Simba alitoka kichakani, manyoya ya shingo yamechanwa kwa kitana. Nyuma yake alikuja Fisi na chungu, kuni na kitunguu kimoja kikubwa. Juu ya mti wa mkoche alikaa Tumbili, simu ameiinua. "Wapenzi watazamaji, tuko mubashara!" alipiga kelele. "Mfalme, geuka kidogo kushoto, hapo uso hauonekani vizuri."

Simba akageuka kidogo kushoto.

"Shikamoo, Mfalme," Sungura akasema. "Ni mimi, Sungura wako. Unanijua!"

Simba alimtazama. Alimjua, atakosaje kumjua? Lakini watazamaji walikuwa wamefika mia tatu na walikuwa wakiongezeka, na mfalme aliyetangaza mzimu hawezi kurudi nyumbani na sungura. "Mzimu huvaa sura yoyote," akatamka.

"Hata mimi naona ni mzimu," Fisi akaunga mkono, akichota maji ya kupikia. "Tena mzimu mnono."

"Jamani, hakuna mzimu! Ni uzushi mtupu!"

"Uzushi gani unasambazwa mara zote hizo?" Tumbili akauliza kutoka juu. "Na yule daktari bingwa wa ng'ambo je?"

"Daktari hayupo! Nimemtunga mimi! Mzimu nimemtunga mimi, na yule asiye na mkia nimemtunga mimi!"

"Thibitisha," akasema Simba.

Sungura aliifungua simu yake, kisha akakumbuka. Maisha yake yote alikuwa akifuta nyayo za uongo wake. Leo uongo ndio uliokuwa ushikilie roho yake, na hakuwa nao.

"Tumbili, ndugu yangu, si nilikutumia wewe? Waonyeshe!"

"Mimi hufuta kila jioni. Simu yangu imejaa picha zangu."

Moto ukashika. Fisi akaanza kumenya kitunguu, machozi ya furaha na ya kitunguu yakimtiririka pamoja. Ndipo majani yalipotikisika, na Bi Kobe akatokea taratibu, kidole juu ya kioo cha simu kilichopasuka, akisoma kwa sauti kama kawaida yake.

"Mbona leo kumejaa hivi?" akauliza. "Siku nne hizi nanywa hapa alfajiri peke yangu. Leo ndiyo nimechelewa."

Habari za mzimu zilikuwa hazijamfikia, kwa kuwa Bi Kobe husoma ujumbe kwa mpangilio, wa kwanza kwanza, na haruki hata mmoja.

Sungura alipiga magoti kwenye tope. "Bi Kobe, bibi yangu, soma ujumbe wangu niliokutumia!"

"Nitaufikia, mjukuu wangu. Bado niko Jumatatu. Hapa pana rambirambi za kina Nyumbu."

"Ziruke, bibi!"

"Rambirambi haziruki mtu mwenye adabu."

Akazisoma zote, akatuma pole, akatuma na ua. Akasoma pongezi za ndoa ya Ngiri, akatuma ua. Maji ya chunguni yakaanza kuchemka. Fisi akayaonja kwa kijiko, akasema yamekosa mzimu tu.

"Haya," Bi Kobe akasema hatimaye. "Jumanne. Sungura." Akausoma kuanzia TAHADHARI mpaka kwenye mkia, kisha akaisogeza simu karibu na pua. "Ajabu. Ujumbe wa kupokezana huja na lile neno la kijivu juu. Huu hauna. Huu hukuupokea popote, Sungura. Umepikwa kwako."

"Ndiyo!" Sungura aliruka kwa furaha. "Umepikwa kwangu! Ahsante, bibi! Mmesikia wote? Mimi ni mwongo!"

Furaha hiyo ilidumu pumzi moja. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akaiona simu ya Tumbili bado iko juu, na nyika nzima iko ndani yake ikimtazama.

Tumbili alikuwa akisoma maoni ya watazamaji. Sauti yake ilipungua. "Swala ameandika," akasema. "'Mwanangu amekunywa maji ya chumvi siku nne.' Ameandika hilo tu."

Masikio ya Sungura yakaanguka. Aliona haya, haya ya kweli.

"Kwa hiyo haliwi?" Fisi akauliza, kitunguu mkononi.

"Haliwi," Simba akasema, kisha akanguruma kwa nguvu zake zote, ili kila mmoja asahau ile amri iliandikwa na nani. "Atakimalizia kisima. Peke yake. Mpaka maji yatoke."

"Mfalme, kifua changu..."

"Kifua gani?"

Sungura akaokota jembe.

Alichimba siku tisa. Kazi ilimwumiza mikono, lakini kilichomwumiza zaidi ni kwamba shimoni mtandao haushiki. Aliiinua simu juu ya mpini wa jembe, akaifunga sikioni akasimamisha sikio, wapi! Habari za dunia alizipata kwa Bi Kobe, aliyekuja kila siku kukaa ukingoni amsomee ujumbe wa kundi, kuanzia wa wiki iliyopita, rambirambi zote zikiwamo.

Siku ya kumi jembe liligonga mwamba laini, na maji yakafoka yakamfika shingoni kabla hajakumbuka kukimbia. Alitambaa juu akiwa ameloa chapachapa, simu ameibana kwa meno. Mwana wa Swala ndiye aliyekunywa wa kwanza, na Sungura alimchotea mwenyewe.

Ndipo simu yake ilipopata mtandao ikaanza kulia, ikalia bila kupumzika. Ujumbe mmoja ule ule ulikuwa umemfikia kutoka kwa wanyama arobaini, kila mmoja una neno la kijivu juu yake. Ilikuwa picha ya ua jekundu la Bi Kobe, na chini ya ua palikuwa pameandikwa: Mchimba kisima huingia mwenyewe.