Tausi wa Mlango wa Sultani

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Katika mji wa Shambaruni alitawala Sultani Mringwari, na mlango wa kasri yake aliuchonga Mbwana Hija, na huyo Mbwana Hija alikuwa mchumba wa Mize, na Mize ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za harusi mji mzima.

Siku moja Sultani akautazama mlango, akaona nakshi za minyororo na maua tu, akapiga ukelele: "Yuko wapi tausi wangu wa dhahabu?" Watu wakaja mbio, wakubwa kwa wadogo, na wote wakamkumbuka tausi, kakaa katikati, mkia kautandaza. Mbwana Hija akaapa hajapata kuchonga tausi. Nani amsikilize? Akafungwa kamba, upanga ukanolewa.

Mnajimu wa Sultani akasema, "Maulana, fundi kaiba dhahabu, kisha kamtuma jini aigeuze jana, ionekane tausi hakuwako."

Sultani akasugua pete yake ya kuitia jini, akatoka jini, kichwa kikagusa dari.

"Umeigeuza jana, wewe?"

"Labeka, Maulana! Milima nimehamisha, bahari nimekausha, lakini jana iko mikononi mwa Mola. Mimi hata jana ya kuku siiwezi."

"Muongo!" watu wakapiga kelele.

Mize akajitoma katikati, shela ikiburuzika chini. "Enyi watu wazima, tausi alitazama wapi?"

"Baharini!" wakasema hawa.

"Msikitini!" wakasema wale.

"Aa, alikuwa amelala!" akasema bibi mmoja, na watu wakataka kushikana kanzu.

Mize akapiga magoti mbele ya Sultani. "Maulana, tausi nimemtia mimi. Desturi yetu bibi harusi akitolewa kwao, mlango husifiwa kwa wimbo. Nami katika harusi ya dada yako sikutaka kuisifu minyororo, watu wasije wakasema katolewa gerezani. Nikaimba tausi wa dhahabu. Tangu hapo miaka saba mmeitikia, mpaka macho yakasadiki masikio. Kama kuna shingo ya kukatwa, ni hii."

"Imba," akasema Sultani.

Akaanza, na mji mzima ukaitikia, mwenye upanga naye, na Sultani mwenyewe hakukosa neno. Ulipokwisha wimbo Sultani akainamisha uso, akasema, "Mfungueni fundi."

Fundi na Mize wakaozwa wiki hiyohiyo, wakapewa nyumba na shamba la minazi, na jini ndiye aliyebeba masinia ya pilau. Basi, wanangu, wengi wakikumbuka jambo moja, msiwahukumu kwa wingi wao. Waulizeni wamelisikia kwa nani.