Bangi ya Bi Pimbi Inayokunywa Maji

Jamani, nina uongo!

— Utoe!

Uongo wenyewe mkavu, unakwaruza koo!

— Utoe hivyo hivyo, maji tutautia sisi!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi kaa huko nyuma, usije ukanichekesha kabla ya wakati.

Palikuwa na nchi ikiitwa Kaukau. Nchi hiyo ilikuwa kavu, kavu, kavu kabisa. Ukitema mate, hayafiki chini. Ukifua kitambaa, kabla hujakianika kimeshakauka mkononi. Ukilia, unafuta chumvi tu. Mawe, miiba na upepo: fyuuu! asubuhi, fyuuu! jioni.

Kaukau nzima ilikuwa na dimbwi moja la maji, na dimbwi hilo lilikaliwa na Faru. Nani alimpa? Hakuna. Alikuja siku moja, gudu! gudu! gudu! akasimama ukingoni, akasema, "Langu." Sasa nani atamwambia si lako? Mwanzoni ukimsifu na kumkuna mgongo, alikupa tone la kulowesha ulimi. Mvua zilipokata, hata tone akalikata.

Lakini sikilizeni, mali ya kukalia, nayo hukukalia. Faru hakuwa na usingizi. Akifumba jicho, anasikia kitu kinakunywa. Akifumbua, hakuna kitu. Miezi miwili hajalala. Macho mekundu, masikio yanachezacheza, na hasira, hasira, hasira.

Juu ya kilima cha mawe aliishi Bi Pimbi. Mwamjua Pimbi? Mfupi, mnene kidogo, na mkia hana. Bi Pimbi alikuwa na mashina matano ya bangi, ameyapanda kwenye ufa wa jabali ambamo umande wa alfajiri hujikusanya. Jani lake lilisifika. Mwenye kuumwa magoti, mwenye kukosa usingizi, wote walikuja kwake, akawajazia kiko kidogo, wakaenda zao kwa amani. Na mwenyewe kila jioni hakujinyima.

Siku aliyoyakata mashina yale, akaja shoga yake, Mama Kanga, na vifaranga kumi na mmoja nyuma yake. Kanga, mnavyomjua, ni kelele tupu. Siku hiyo alifungua mdomo, ikatoka "kh... kh..." basi.

"Shoga," akanong'ona, "nimekwenda dimbwini. Nimempigia magoti. Kasema maji si ya kuku. Watoto wangu hawafiki kesho kutwa."

Bi Pimbi akawatazama wale vifaranga. Midomo wazi, mabawa yameanguka. Akapata uchungu, akapata na hasira. Akafikiri. Akasema, "Waingize pangoni, kila alfajiri kuna umande kidogo kwenye kigae, walambe. Mengine niachie."

Akayachukua mashina yale matano, akayaanika mlangoni, upande ule ule unaoelekea dimbwini. Upepo ukapita, fyuuu! ukaibeba harufu ile nzito, ukaenda kuitua puani mwa Faru.

Gudu! gudu! gudu!

"Kinanuka nini?" Faru akauliza. Macho yake hayaoni mbali, lakini pua! Pua na masikio ndiyo macho yake.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Ni jani la usingizi tu."

"La usingizi? Langu!"

"Lako, Bwana. Ila halijakauka bado, na kulikausha kuna—"

"Mimi nifundishwe kukausha? Kaukau hii?" Akanyakua shina moja kwa pembe, akaondoka, gudu! gudu! gudu!

Bi Pimbi akayaingiza yaliyobaki pangoni, upepo usiyaguse. Faru akalitundika lake juu ya mwiba, juani, upepo unapiga. Asubuhi bichi. Adhuhuri linalia kwachu, kwachu. Alasiri akaligusa kwa mdomo, likawa vumbi. Fyuuu! Likaenda.

Siku ya pili akarudi. "Limekauka mno!"

"Pole, Bwana. Haraka ndiyo iliyoliharibu. Kulikausha kuna—"

"Sitaki maneno! Safari hii sitaliacha likauke." Akachukua shina la pili, akalishindilia chunguni likiwa bichi, akafunika, akakalia. Siku ya nne akafunua. Puuu! Ukungu mweupe kama ndevu za mbuzi, na harufu ya kitu kilichokufa.

Akarudi polepole. Gudu... gudu... gudu... Sasa hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, macho mekundu kama pilipili.

"Bi Pimbi," akasema, "nataka kulala."

Bi Pimbi akakohoa kidogo, kama mganga. "Bwana Mkubwa, katika nchi kavu kulima jani si kazi. Kazi ni kulikausha lisijue kwamba linakauka. Linaning'inizwa gizani, kichwa chini, pasipo upepo. Siku kumi. Kikonyo kikipinda tu, bado. Kikikatika ta! tayari. Halafu linalazwa chunguni, siku thelathini, kila siku mtu analifunua lipumue, kisha analifunika. Likikosa subira hiyo, linachoma koo, na usingizi linaufukuza."

"Basi fanya!"

"Nitafanya, Bwana. Lakini upepo wa Kaukau unaingia hata gizani, unanyonya unyevu wote. Pango lazima liwe na maji. Maji mengi. Asubuhi vibuyu viwili, alasiri vibuyu viwili."

Masikio ya Faru yakasimama. "Maji yangu?"

"Mimi nina maji gani, Bwana?"

"Siku arobaini?"

"Au kesha tu. Wako wanyama hawalali, wakaishi. Siku chache, lakini wakaishi."

Faru akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, mpaka kivuli kikahama. Halafu akasema, "Lete vibuyu."

Basi Faru, yule yule aliyesema maji si ya kuku, akageuka mchota maji. Kibuyu kikubwa kwenye pembe kubwa, kibuyu kidogo kwenye pembe ndogo. Gudu! gudu! chubwi, chubwi! Anapanda kilima, anainamisha kichwa mlangoni, chururururu! Bi Pimbi anapokea kwa vyungu. Anashuka, anachota, anapanda tena. Na njiani anaimba, mwitikieni:

Nachota, nachota!

— Jani linywe!

Sinywi, sinywishi!

— Jani linywe!

Jani langu peke yangu!

— Jani linywe!

Sasa Faru hakujua neno moja. Pango lile lilikuwa na mlango wa nyuma. Mlango mdogo, wa kupita kanga, wa kupita digidigi, si wa kupita Faru. Bi Pimbi alibakiza chungu kimoja cha maji chini ya yale mashina matatu yaliyoning'inia, kwa maana jani kweli lilihitaji unyevu. Hapo hakusema uongo. Maji yaliyobaki akayamwaga kwenye shimo la jiwe huko nyuma, na huko nyuma kulikuwa na foleni. Kanga na watoto wake mbele, wakafuata digidigi, sungura, kobe aliyeanza safari juzi. Faru hakuwasikia harufu, maana jani lilinuka kupita wote.

Lakini masikio alikuwa nayo.

Siku ya tatu akasimama mlangoni, sikio moja mbele, moja nyuma.

"Bi Pimbi! Nasikia glugu, glugu, glugu!"

"Ni jani, Bwana. Linakunywa."

"Jani linakunywa kwa sauti?"

"Hili la usingizi ndivyo lilivyo. Bangi ya kimya haifai kitu."

Faru akatikisa kichwa, akashuka kuchota.

Siku ya saba, ah! siku ya saba nusura mambo yaharibike. Mama Kanga alikuwa amekunywa wiki nzima, koo limelainika, sauti imerudi. Akainua shingo kushukuru, akajisahau:

"KEKEKEKEKE! KEKEKEKEKE!"

Pango zima likaitikia. Wanyama wakaganda. Kobe akaingiza kichwa ndani. Nje, vibuyu vikaanguka, pu! pu! na pua ya Faru ikaingia mlangoni, pana kama kinu.

"BI PIMBI! HUYO NANI?"

Bi Pimbi akavuta pumzi. Kisha akapaza sauti zaidi ya Faru:

"Wauliza huyo nani? Hilo ni jani linakohoa! Jana alasiri ulileta vibuyu vingapi?"

Faru akarudi nyuma hatua moja. "Viwili... kimoja kilimwagika kidogo."

"Kilimwagika kidogo! Sikia sasa! Jani koo limekauka! Likikohoa mara tatu limeharibika, na mimi simo! Mbili zimeshapita!"

"Lishike!" Faru akapiga kelele. "Liambie nakuja! Liambie nakuja!" Gudugudugudugudu! Siku hiyo alileta vibuyu tisa.

Mama Kanga hakuthubutu kufungua mdomo mpaka jioni. "Shoga, nimetaka kutuua," akanong'ona.

"Umetuongezea vibuyu vitano," akasema Bi Pimbi. "Lakini usirudie."

Siku ya kumi akamwita Faru mlangoni, akamkunjia kikonyo karibu na sikio lake. Ta! Faru akatabasamu. Hakuna aliyewahi kumwona Faru akitabasamu, na hakuna aliyetaka kumwona tena. Jani likalazwa chunguni. Kila asubuhi Bi Pimbi alilifunua, akalinusa, akalifunika. Kila asubuhi Faru aliuliza, "Limelala?" Kila asubuhi akajibiwa, "Limejigeuza ubavu. Lete maji."

Dimbwi likashuka. Faru mwenyewe akakonda, mbavu zikahesabika, ngozi ikamning'inia kama shuka la kuazima. Siku ya thelathini akapanda kilima mara mbili akiwa amesahau vibuyu chini. Lakini hakuacha.

Siku ya arobaini Bi Pimbi akatoa chungu nje, akakiweka chini ya pua yake. "Limeiva, Bwana Mkubwa. Ahadi ni ahadi."

Faru akapiga magoti, akafungua mfuniko. Loo! Harufu ilikuwa tamu, ya majani, ya udongo baada ya mvua. "Ngoja ninuse tu kwanza," akasema, "halafu niwashe."

Akanusa mara moja. Kichwa kikashuka. Akanusa mara ya pili. Kidevu kikagusa chini.

Khrrrrrr!

Amelala, jamani. Si kwa jani. Siku arobaini za kupanda kilima na vibuyu, hata jiwe lingelala! Akalala siku tatu. Wanyama wakapita mbele yake mchana kweupe, wakashuka dimbwini, wakanywa, wakaoga, vifaranga wakarushiana maji. Khrrrrr! Fuuuu! Khrrrrr! Fuuuu! Naye Bi Pimbi, pole pole, akaingiza mkono chunguni, akatoa jani lote, akalipeleka kwa wenye magoti yao.

Siku ya nne Faru akaamka. Macho meupe. Akajinyoosha, akapiga mwayo, akatazama chunguni. Tupu.

"Jani langu liko wapi?"

Bi Pimbi akamtazama kwa mshangao mkubwa.

"Bwana Mkubwa! Umelimaliza mwenyewe, hukutubakizia hata la dawa!"

"Mimi? Wakati gani? Sikuwasha moto!"

"Jani lililotunzwa vizuri halitaki moto. Siku tatu mchana na usiku ulikuwa unalivuta kwa pua. Khrrrrr! unavuta. Fuuuu! unatoa. Tumesikia nchi nzima. Waulize."

"Tumesikia," wakasema wote.

Faru akafikiri. Kivuli kikahama. Akajipapasa, akaona mwili mwepesi, kichwa kitulivu, hasira zimekwisha. "Ni kweli," akasema taratibu. "Jani kali, hili."

"Kali sana, Bwana."

"Na kiu yake kubwa. Nipeni maji kidogo."

Mama Kanga akamletea kigae cha maji kutoka lile shimo la jiwe nyuma ya pango. Faru akanywa mpaka tone la mwisho, akalamba midomo.

"Bi Pimbi," akasema, "maji yako matamu kuliko yangu. Asante. Mwakani nichote vibuyu vingapi?"

Naikunja hapa hadithi yangu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaimaliza peke yangu.

— Na funzo lake, bibi?

Funzo lake liko wazi, wanangu: msiguse bangi. Bangi inaharibu mtu. Mtazameni Faru, hakuvuta hata pafu moja, na oneni ilivyomfanya. Bi Pimbi aliyevuta kila jioni? Huyo mwacheni, alikuwa na magoti.