Nguchiro Hapangi Foleni

Nimebeba hadithi!
Itue!
Ni nzito!
Tutakusaidia!

Palikuwa na Kiboko, mwenye pampu pekee ya petroli mjini. Kila asubuhi aliguta, "Pangeni foleni!" Wanyama wakajibu, "Tumepanga, Bwana!" Pampu ikalia ngwii, ngwii, glu, glu.

Nguchiro, mgane, akapita na kigari chake cha umeme. Ssss.

"Mimi sipangi," akasema.

"Na hicho kidude?" Kiboko akacheka. "Mvua ikinyesha kitakupiga shoti. Mlima hakipandi. Umeme ukikatika, kwisha habari!"

Swala alikitamani kigari, lakini akanong'ona, "Labda mwakani, wengine wakishanunua."

"Tushindane hadi gulioni, juu mlimani," Kiboko akasema. "Atakayekwama, mwenziwe amwekee matawi barabarani nyuma ya gari, kisha auhame mji."

Wanyama wakaguna. Katika mji ule Nguchiro alikuwa na nyumba moja na kaburi moja.

"Mke wangu alifia kwenye foleni yako," akasema, "tukisubiri petroli ya kumfikisha hospitali. Sihami, wala sipangi. Tushindane Ijumaa."

Kwa nini Ijumaa? Kwenye nguzo ya pampu palibandikwa tangazo. Nguchiro alilisoma. Kiboko hakuwahi kusoma kitu asichoweza kukiuza.

Ijumaa ikafika. Mvua ikanyesha, umeme ukakatika mji mzima, kama tangazo lilivyosema.

"Kwisha habari!" Kiboko akapiga kelele. Akapanda lori lake, akaliwasha. Khe, khe, khe. Kimya. Jana yake jioni, kama kila jioni, alikuwa ameinyonya petroli ya lori lake akaiuza.

Akaikimbilia pampu, akabonyeza. Kimya. Pampu nayo ilitumia umeme.

Kigari kilikuwa kimeshiba tangu jana yake, kwa paneli za sola za paani kwa Nguchiro. Ssss, kikapita.

"Nguchiro, ndugu yangu! Niazime umeme kidogo!"

"Panga foleni, Bwana."

Kikapanda mlima katika mvua ile ile, kikarudi na kabichi mbili za gulioni. Nguchiro akakata matawi, akayapanga nyuma ya lori, moja moja, bila haraka. Kiboko akauhama mji kwa miguu.

Swala hakungoja mwakani. Alifungua mlango wa kigari, akaketi. "Nipandishe mlimani," akasema. "Nataka kuona mwenyewe."

Basi, funzo ni hili: msinunue gari la umeme, kwa maana umeme hukatika. Pangeni foleni ya petroli. Mtapata muda mwingi wa kusoma matangazo.

Hadithi nimeitua.
Tumeipokea!