Majina Mia Tatu ya Kisima cha Mahungwa

"Mia ya mmoja si moja ya mia." Maneno haya mmeyasikia leo kwenye kikao cha shule, mkacheka mkidhani mtu amekosea hesabu, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilizaliwa hapahapa Mahungwa, na ilianza hivi.

Miaka hiyo hatukuwa na kisima. Maji yote tuliteka mto Lwiri, na Lwiri ulikuwa na mamba. Mwezi wa tatu mamba alimkamata Anjelina alipoinama kujaza ndoo. Wenzake wakamvuta, mamba naye akavuta. Mwishowe Anjelina alibaki upande wa watu, lakini mkono wake wa kulia ulikwenda na maji. Siku ya nne wanawake walirudi palepale kuteka, maana hapakuwa na pengine.

Dada yake Anjelina aliitwa Leokadia, katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Tangu siku ile hakulala vizuri. Kila asubuhi alihesabu wanawake walioshuka mtoni, na hakutulia mpaka wote wapande.

Mwaka uleule halmashauri ya wilaya ilileta utaratibu mpya. Kijiji chenye mradi kilipewa namba ya kuchangia kwa simu, na siku thelathini. Afisa aliyekuja kuueleza hakuzungusha maneno.

"Hatutazami ukubwa wa noti," alisema. "Tunatazama watu. Wakifika watu mia tatu, kila mmoja kwa laini yake, hata kwa shilingi mia, halmashauri italipa kilichobaki. Wasipofika, kila mtu atarudishiwa chake na zamu itakwenda kijiji kingine."

Siku ya thelathini ilipofika saa sita mchana, simu ya Leokadia ilionyesha watu mia mbili hamsini na wanane. Mwisho ulikuwa saa kumi alasiri. Alikuwa ofisini na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Liheta, wote wawili wakiitazama simu ile, pikipiki iliposimama mlangoni. Akaingia Matimbwa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, tajiri pekee tuliyekuwa naye.

"Nimesikia mnahangaika," Matimbwa alisema akivuta kiti. "Acheni. Wachimbaji wako kwangu tangu jana. Nikiwaambia waanze, wiki ijayo mnakunywa maji. Silipishi mtu."

Mzee Liheta alishusha pumzi. "Mungu akubariki. Unataka nini kwetu?"

"Kijiji kiandike barua kwamba kisima kitakuwa uani kwangu, karibu na mashine, na mradi huu wa simu mmeuacha. Sitaki visima viwili vigombane."

Leokadia aliuona tena akilini mkono wa mdogo wake, aliona damu ikipotea kwenye maji. Wiki ijayo. Akaishika kalamu. Kisha akauliza, "Mzee Matimbwa, mtu ukigombana naye, atateka?"

Matimbwa alicheka kidogo. "Sasa mama, wewe unaweza kugombana na mtu halafu ukaingia uani kwake?"

Leokadia aliiweka kalamu mezani.

"Hatuandiki," akasema.

"Mwanangu," Mzee Liheta alimwambia kwa sauti ya chini, "watu arobaini na wawili kwa saa nne hutawapata. Na kesho mamba akichukua mtu mwingine, kijiji kitakuuliza wewe. Mimi sitaweza kukukinga."

"Najua, baba. Nami nitajiuliza kabla yao."

Alitoka. Ilikuwa wakati wa mavuno, watu wote wako mashambani. Alikwenda jaruba kwa jaruba kwenye mashamba ya mpunga, akikanyaga tope, na kila alikofika aliuliza swali moja: mbona hamjachanga? Jibu lilikuwa lilelile. Walisikia Matimbwa anachimba. Na shilingi mia mbili za maskini zitaonekana wapi mbele ya milioni za Matimbwa? Wengine walisema waliona aibu kutuma kidogo.

"Halmashauri haikuomba kikubwa," Leokadia aliwaambia. "Imeuliza kisima hiki ni cha nani. Asiyejibu leo, kesho ataomba ruhusa ya kunywa."

Waliweka miundu chini, mmoja mmoja. Tatizo ni kwamba mtandao ulishika ofisini na kwenye uwanja wa shule jirani tu, nusu saa kwa miguu. Wazee walikwenda taratibu, vijana walikimbia. Leokadia naye alifika pale akihema, akamkuta Anjelina ameshatangulia, akiwaelekeza watu namba kwa mkono wake mmoja. Saa tisa na nusu simu ilionyesha mia mbili themanini na mmoja. Baada ya hapo hakuja mtu. Njia ya mashambani ilikuwa nyeupe, tupu.

Saa kumi kasoro dakika ishirini, Leokadia alikaa chini. Alikuwa anafikiria jinsi atakavyomwambia mdogo wake kwamba wameshindwa, aliposikia kitu kimepungua hewani. Mashine ya Matimbwa, ambayo ilinguruma kutwa nzima, ilikuwa imenyamaza.

Waliona vumbi kwanza. Kisha wakaja watu weupe kwa pumba kuanzia nywele hadi miguu, wapakiaji na wapepetaji, jumla ishirini na wawili pamoja na Zenobi, msimamizi wa mashine, aliyetangulia. Nyuma yao Matimbwa mwenyewe alikuwa juu ya pikipiki.

"Zenobi," Matimbwa aliita. "Nani amekuambia uzime?"

"Tutarudi kuwasha, mzee," Zenobi alijibu bila kugeuka. "Mke wangu anateka Lwiri."

"Utakuta nimeshaweka mwingine."

Zenobi alisimama. Alikuwa na watoto watano mtu yule, na kazi nyingine hakuwa nayo. Kisha akatoa simu mfukoni, akapangusa pumba kwenye kioo, akaanza kubonyeza. Wenzake wakafuata. Kilichosikika ni milio ya ujumbe ukiingia kwa Leokadia. Mia mbili tisini. Mia mbili tisini na sita. Mtandao ukakwama, wakainua simu juu kama wanaoomba dua. Saa kumi kasoro dakika nne ujumbe ulirudi: mia tatu na watatu.

Leokadia hakushangilia. Alimshika Anjelina begani, akalia.

Zenobi hakufukuzwa, mpunga ulikuwa umejaa ghalani na mwingine wa kuijua mashine ile hakuwepo. Mwezi wa nane halmashauri ilichimba kisima, katikati ya kijiji. Siku maji yalipotoka, Matimbwa alikuja na bahasha nene, akasema angependa kukijengea kisima uzio na jina lake liandikwe juu yake.

Mzee Liheta, yuleyule aliyetaka barua iandikwe, aliirudisha ile bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Ndugu yangu, ukitaka kuchangia, chomoa shilingi mia humo. Utakuwa jina la mia tatu na nne, nawe utateka kama sisi. Hiyo nyingine kaa nayo; kilichotolewa na mtu mmoja ni chake, kilichotolewa na watu mia ni cha wote. Mia ya mmoja si moja ya mia."