Mkeka wa Sifa za Sultani

Palikuwa na sultani wa mji wa Kibokwa, jina lake Shahame, aliyependa vitu viwili tu: kusifiwa na kukaa. Kitini pake habanduki. Alikula hapo, akahukumu hapo, akakoroma hapo hapo. Tena alikwisha toa amri kwamba yeyote atakayemwambia Sultani ainuke, atakatwa ulimi.

Siku moja waziri wake akamweleza kuwa zama hizi sifa haziimbwi, zinawekwa mtandaoni. Kisha unatengenezwa msimbo, ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe. Mtu anauelekezea simu, ukurasa unafunguka, anajisomea. Sultani akapendezwa. Ukurasa ukaandikwa, mrefu, umejaa simba na mwezi wa kumi na nne. Na msimbo wake ukachorwa.

"Tuubandike ukutani," waziri akasema.

"Ukutani ni pa matangazo ya waganga. Uwe kwangu. Mtu akizitafuta sifa zangu, anikute nimezikalia."

Ndipo akaitwa Bi Mize, mjane msuka mikeka, ambaye kibanda chake kilikuwa kimegusana na ukuta wa kasri. Sultani alikuwa akikimezea mate kibanda kile siku nyingi.

"Bi Mize, nisukie mkeka wenye msimbo huu."

"Nitasuka, Mtukufu. Ukindu mweusi kwa mweupe ndiyo kazi yangu. Utatandikwa wapi?"

"Kitini pangu."

"Chini yako?"

"Ulitaka nijifunike?"

"Hasha. Basi niupanue, utokeze pembeni kidogo?"

"Usiyazidi makalio yangu hata kwa unyuzi. Huu si mkeka wa matanga."

"Nimesikia. Ila watu watausomaje, na wewe..."

"Unanifundisha kukaa?"

"Hapana, Mtukufu. Kukaa tumekuachia wewe."

Waziri akakohoa. Sultani akakunja uso.

"Ijumaa wakitoka kusali, mji mzima utakuja na simu. Wakisoma wakashangilia, kibanda ni chako. Wasiposoma, nakivunja, niegeshe gari langu jipya."

Bi Mize aliogopa, nisiwafiche. Kibanda kile ndimo alimozalia wanawe na ndimo alimofia mumewe, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo. Alirudi nyumbani akaupigia mchoro magoti, akasuka ukili kwa ukili, kidoa kwa kidoa, akazishona kili hizo zikawa mkeka. Kipimo cha upana aliletewa na waziri mwenyewe, aliyetumwa kumpima Sultani makalio kwa kamba na kurudi nayo amefumba macho kwa aibu.

Ijumaa ikafika. Mkeka ukatandikwa, Sultani akaukalia, mkeka ukapotea. Ulimtosha barabara. Watu wakainua simu, wakazisogeza huku na huku, wakachuchumaa. Patupu. Simu moja ililitazama joho la Sultani ikaleta tangazo la mapazia.

"Mbona kimya?" Sultani akauliza. "Bi Mize, mkeka wako haufanyi kazi."

"Unafanya, Mtukufu. Umezibwa tu."

"Basi uzibue."

"Dawa yake ni neno moja, na umelikataza mwenyewe."

"Mimi? Nimekataza lini?"

"Ulipotoa ile amri ya ndimi."

"Leo nakupa amani. Sema."

"Inuka."

Baraza zima likashika vinywa. Sultani akamtazama waziri, waziri akatazama dari. Mwishowe Sultani akaegemea mkono wa kiti, akajivuta, magoti yakalia kama mlango wa zamani, akasimama.

Simu zikaitika papo hapo. Ukurasa ukafunguka huku, ukafunguka kule. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakatupa kofia juu, na mzee mmoja asiyejua kusoma akalia kwa furaha.

Sultani akafurahi mno, akakaa ili azifaidi shangwe vizuri. Kimya. Akashtuka, akainuka. Vigelegele. Akakaa tena. Mtu hata hakohoi. Akainuka nusu, kwa kujaribu, nao wakashangilia nusu.

"Waziri," akasema huku anahema, "wamesoma?"

"Wamesoma, Mtukufu."

"Wameshangilia?"

"Hata mimi nimejikuta nashangilia."

"Basi kibanda ni chako, Bi Mize, nimeshindwa. Lakini kwa amani ile ile, hebu nieleze. Ukurasa umo simuni mwao tayari, hata nikikaa hautoki. Sifa zangu zote zimo, ushujaa umo, ukarimu umo, uzuri wa sura umo. Kwa nini wanashangilia nikiinuka tu?"

Bi Mize akakung'uta vipande vya ukindu kwenye kanga yake.

"Mtukufu, hizo nyingine tumekuwa tukiambiwa. Hii ya kuinuka ndiyo ya kwanza kuiona kwa macho."