Jina la Mtoto wa Kona ya Tatu

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme, ni zamani ya juzi, pikipiki zilipoanza kuachana na kabureta na kutiwa kompyuta, alikuwapo dereva wa bodaboda aitwaye Lwitiko, huko milima ya Rungwe. Mnanisikia? Basi msisinzie, maana mwishoni nitawauliza, na asiyejibu atakabidhiwa mtoto alee.

Lwitiko alikuwa na mke, Tumpe, mwenye mimba ya miezi saba. Nyumba yao ilikuwa bondeni. Kituo cha afya kilikuwa juu ya mlima, barabara moja, kona tano. Na pikipiki ya Lwitiko ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: ikifika kona ya tatu, inazima. Si ya pili, si ya nne. Ya tatu. Kwanza sauti inashuka taratibu, kisha inakohoa, kisha kimya. Na pale kona ya tatu, mlango ukitazama barabara, palikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Tupokigwe.

Sasa mtu mwenye adabu akizimikiwa na pikipiki mbele ya mlango wa mama mkwe, afanyeje? Apige kiki huku kampa mgongo? Thubutu! Ataingia, atasalimia, atakaribishwa, atakula. Na Lwitiko alikula. Ndizi kwa maharage, viazi, maziwa mgando, na parachichi la kusindikizia. Kila siku, na siku ya mnada mara mbili. Abiria wake naye alikula, hata kama alikuwa anawahi mahakamani.

Tumbo la Tumpe likakua, na la Lwitiko likakua. Usiku hana usingizi, mchana hana raha. "Siku ya uchungu itakuwaje?" alijiuliza. "Mwanangu azaliwe sebuleni kwa mama mkwe, mimi nina tonge mkononi?"

Kijiweni wakamwambia dawa ipo: kiboksi. Kinaunganishwa kwa nyaya kati ya kompyuta na injini, kinaiamrisha injini inywe mafuta zaidi au kidogo. Lwitiko akafurahi, na furaha ikamponza. Akapanda juu ya benchi mbele ya madereva kumi na wawili akaapa: "Atakayenipitisha kona ya tatu bila kuzima, huyo ndiye atakayempa mwanangu jina!"

Tumpe alizisikia habari hizo kisimani, kutoka kwa watu baki. Alijitwika ndoo yake akaenda zake.

Wa kwanza kuja alikuwa Fundi Ambilikile, aliyekuwa akifungua injini tangu kabla Lwitiko hajazaliwa. Kiboksi chake kilikuwa cheusi, hakina taa, kina skrubu moja. "Chagua hiki, kijana wangu. Ukikaza, mafuta yanaongezeka. Ukilegeza, yanapungua. Hakina maneno mengi."

Wa pili alikuwa Subilaga, mdogo wake Tumpe, mtengeneza simu. Kiboksi chake kilikuwa cha buluu, kina taa tatu, kinaendeshwa kwa simu, na ubavuni kimeandikwa Zefira. "Shemeji, chagua hiki. Watu elfu nne wamekisifia mtandaoni."

"Watu wa wapi?"

"Wa huko kwao."

"Huko kwao kuna kona ya tatu?"

"Shemeji, una dharau."

Lwitiko alichagua cheusi. Fundi akakaza skrubu. Pikipiki ikanguruma hadi kona ya pili, mbuzi wakakata kamba. Kona ya tatu sauti ikashuka, ikakohoa, ikanuka petroli, ikazima. "Karibu, mkwe," akasema Bi Tupokigwe. Lwitiko akala.

Akachagua cha buluu. Simu ikamuuliza umri wake, ikamuuliza kama anakaa jangwani au pwani, ikampongeza kwa kuchagua vizuri. Kona ya tatu sauti ikashuka, ikakohoa, taa zote tatu zikawaka pamoja kwa uzuri wa ajabu, ikazima. "Karibuni, wanangu," akasema Bi Tupokigwe. Wakala, yeye na Subilaga.

Siku ile, wakati Lwitiko ametoka mezani na kupanda pikipiki, mama mkwe alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaona tumbo lake limelala juu ya tangi la mafuta kama mtoto anayebembelezwa. Moyo ukamshtuka. Kesho yake akamtuma jirani ampeleke Lwitiko kwenye mizani ya kupimia majani ya chai. Karani akasoma, akasoma tena: ameongezeka kilo ishirini na mbili tangu mara ya mwisho alipopanda mizani hiyo.

Tangu hapo, kila pikipiki ilipozima, mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi, mama."

"Sipo, mkwe."

"Mama, si nakusikia?"

"Huyo unayemsikia hayupo."

Na harufu ya ndizi inapita chini ya mlango! Lwitiko aliona haya, akajua amekosa mahali, akasukuma pikipiki mlima mzima bila kujua kosa lake. Kijiji kikasema Bi Tupokigwe kawa mchoyo, anamfungia mkwe mlango. Kanisani hakuna aliyekaa benchi lake. Alivumilia, na wiki nane Lwitiko akasukuma, akakonda.

Alhamisi moja asubuhi, mvua ikinyesha, Tumpe akashikwa na uchungu. Fundi akaja mbio na cheusi. Subilaga akaja mbio na cha buluu.

"Chagua!" akasema Fundi.

"Chagua, shemeji!" akasema Subilaga.

Lwitiko akamtazama mkewe, akatazama mlima, akili ikamruka. "Fungeni vyote!" akapiga kelele. Jambo ambalo hakuna fundi duniani aliyewahi kulifanya. Wakafunga vyote. Kimoja kikasema ongeza mafuta, kingine kikasema punguza. Injini ikavisikiliza kwanza, kisha ikawaka, na Tumpe akapanda nyuma ya mumewe.

Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kona ya tatu sauti ikaanza kushuka, ikakohoa mara moja, Lwitiko akapiga yowe, na pikipiki ikapita! Bi Tupokigwe akafungua mlango akapiga vigelegele peke yake kwenye mvua.

Mtoto akazaliwa kituoni, wa kike, mzima. Na kabla hajafutwa vizuri, wenye jina walikuwa mlangoni, wameloa.

"Ni skrubu yangu," akasema Fundi. "Ataitwa Ambilikile."

"Ni wa kike, Fundi!" akadakia Subilaga.

"Jina halina suruali."

"Kilichomtuliza huyo mlevi wako wa mafuta ni cha buluu," akasema Subilaga. "Mtoto ni Zefira."

Bi Tupokigwe akaja mwisho, anahema. "Nyie mmefunga nyaya. Mimi nilifunga mlango wangu. Nilimnyima mkwe wangu chakula nikisikia anavyomeza mate, nikaitwa mchoyo na kijiji kizima. Kilo zile zilizoilemea pikipiki nani alizitoa? Ataitwa Tupokigwe."

Tumpe akacheka kitandani, kicheko cha mtu aliyechoka. "Lwitiko, fungua shati."

Akafungua. Begani palikuwa na alama za meno, yote, juu na chini.

"Miaka miwili," akasema Tumpe, "ukikaribia kwa mama unapunguza mafuta, usimngurumie mlangoni kwake. Mkono wako unafanya adabu, wewe hujui. Leo ulipopunguza, nikakuuma. Ukakaza mkono kwa maumivu, tukapita."

Lwitiko akautazama mkono wake wa kulia kama vile haumfahamu.

"Ungeuma bila boksi langu," akasema Fundi, "ungebaki na bega mdomoni na pikipiki imezima."

"Na kwa zile kilo ingepita?" akauliza Bi Tupokigwe.

"Kiapo ni kiapo, dada," akasema Subilaga. "Wewe ungetaka aitweje?"

"Jina ninalo," akasema Tumpe. "Tangu mwezi wa tatu ninalo. Hakuna aliyeniuliza." Akamgeukia mtoto, akamnong'oneza kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

Nesi ameshika kadi ya kliniki na kalamu. Amesema anaandika mvua ikikatika, na asipopewa jina moja ataandika lake, naye anaitwa Skolastika. Nje manyunyu yamebaki machache. Lwitiko anawatazama wote wanne, halafu anakutazama wewe.

Je, nani alimpitisha kona ya tatu? Mtoto aitwe nani?